Moshi Tuliouombea

Jumatatu, 4 Machi
Tumeuombea mji tena, langoni pa kiwanda cha nguo. Tangu kifungwe, mji umelala chali. Mashine zina kutu, sisi tuna njaa. Mimi nilikuwa mchochea tanuri. Sasa sina cha kuchochea ila ugomvi.

Mke wangu kapiga simu kutoka nyumbani. Tanuri lisipowaka wiki hii, nirudi nikachunge bata wa kaka yake. Bata! Mimi, mwenye mapafu yaliyojaa masizi ya heshima!

Sala kaongoza Mchomeleaji, fundi mwenzangu wa kiwandani. Yule hulia kwa jicho alitakalo, lile lililo upande wa mchungaji. Mchungaji kasema mtu mwenye imani hivyo ndiye atakayempendekeza kwa mwenye kiwanda. Nilikasirika hata amina ikanikwama.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Watu wanataka ishara. Bomba la moshi likifuka wakati naomba mimi, nani atamtazama Mchomeleaji? Mwenye kiwanda ataliona kutoka kwake kilimani.

Nimemwambia mlinzi nataka kulifuta tanuri vumbi, kwa kumbukumbu tu. Kasema pita, kaka, ila usinifie kwenye zamu yangu. Nimeshindilia matambara yaliyolowa oili.

Jumatano, 6 Machi
Nikawasha, nikakimbilia langoni, nikadai zamu ya kuomba. Nikanyoosha mkono juu. Ee Mola, kipe pumzi kiwanda hiki! Bomba kimya. Nikarudia. Kimya. Mchomeleaji akaninong'oneza eti shemeji yangu ananisubiri na bata. Nani kamwambia?

Ndipo bomba likakohoa. Moshi! Mweusi, mnene, mtamu kuutazama! Vigelegele!

Nyuma ya moshi, nyuki.

Kumbe miaka yote hii wenzetu walikuwa wamejenga mle ndani. Walishuka kama mvua. Waumini wakanena kwa lugha. Mama mwenye nyumba wangu, mtu wa mkongojo, alimpita mchungaji mbio, na mkongojo kaubeba begani. Mchomeleaji hatimaye alilia kwa macho yote mawili.

Alhamisi, 7 Machi
Uso wangu umeumuka kama mkate. Mwenye kiwanda kaja, kauliza nani aliwasha moto. Nikajitokeza kifua mbele. Kumbe Mchomeleaji alishaniwahi, kampelekea masega yaliyodondokea tanurini. Tajiri kalamba vidole vyote, kasema nguo hazina mnunuzi, asali inaye. Kiwanda kinafunguliwa! Mchomeleaji kaajiriwa kuunda mizinga kwa mabati ya mashine.

Na mimi? Kaniambia: wewe ndiye uliyewafukuza, wewe utawarudisha. Nyuki wakirudi, nina kazi. Wasiporudi, nifunge virago.

Ijumaa, 8 Machi
Nyuki nimewaona. Wamehamia kwenye dari la kanisa, juu kabisa ya mimbari. Nimewaita kwa upole. Nimewaimbia. Mmoja kaja, akanijibu puani.

Mke kapiga simu. Bata wanataga, wananihitaji. Nimemwambia awe na subira, mumewe ana akili.

Maana nimefikiri. Nyuki waliondoka kiwandani kwa sababu ya nini? Moshi. Basi nikiufukiza moshi kanisani, watarudi kiwandani. Hata mtoto angeona! Jumapili ni ibada ya shukrani, kanisa litajaa, na mwenye kiwanda atakaa mstari wa mbele. Safari hii kila mtu atashuhudia kwa macho yake.

Matambara ninayo tayari. Oili nimeongeza.