Kinasa Vitufe na Adui Yangu Nukta

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu la karatasi nimelichana. Mke wangu alikuwa analisoma, nina hakika. Juzi aliniuliza ghafla kaka yake amenikosea nini. Kajuaje? Kuanzia leo shajara naiandika kwenye kompyuta ya dukani, ndani ya programu yetu ya kuandikia. Nimeifunga kwa nywila. Asome sasa!

Nasema yetu kwa kuwa nami ni mmoja wa wanaoitengeneza bure, kila mtu kwake, kupitia intaneti. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Uko wazi mno, kwa maoni yangu.

Sasa kibodi, yaani ile sehemu ya programu inayopokea vitufe, imeanza vituko. Nafasi kati ya maneno zinamezwa, si kila mara, mara mojamoja tu. Leo mteja kaja nimchapie barua ya kuomba kazi. Imetoka: KWAMENEJAMKUU. Kauliza mbona jina la meneja refu hivyo. Nikamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi. Kaondoka bila kuaga.

Nimeliripoti kosa hilo kwa wenzangu, na Mama Mradi, mhadhiri mstaafu aliyeianzisha programu, katangaza kwamba atakayetibu kibodi kabla ya Ijumaa ataingia kwenye orodha ya waangalizi. Wapo watano tu, na majina yao yanaonekana kila programu inapofunguka. Miaka kumi na tano nachapa barua za watu na hakuna karatasi hata moja yenye jina langu. Nalitaka jina langu pale.

Jumanne, 4 Machi

Kaamka na mimi mtu anayejiita Nukta. Sijawahi kumwona, yeye ni fundi wa mradi kama mimi. Kaniandikia asubuhi na mapema: ndugu yangu, umefikia wapi, nikusaidie? Nikusaidie! Nikamjibu kwamba sijaanza. Uongo, lakini yeye ndiye aliyeuanza kwa kujifanya mwema.

Nimewasha kinasa vitufe. Hiki ni kijisehemu cha programu kinachoandika pembeni kila kitufe unachobonyeza, fundi apate kuona kibodi imesema nini. Nitakiacha kikiwaka siku mbili nzima bila kumwambia mtu.

Shemeji, huyo kaka wa mke wangu, ni fundi cherehani na anashonea hapo kibarazani kwangu. Leo kaingia mara tatu kuazima mkasi. Fundi cherehani hana mkasi? Mara zote tatu kaangalia skrini yangu. Kisha kasema, eti, shemeji mbona unaipiga hivyo hiyo mashine, imekukosea nini. Nikamwambia arudi kwenye suruali zake.

Jumatano, 5 Machi

Nukta kawaandikia watu wote wa mradi kwamba kajaribu kila njia, na kwake kibodi haina tatizo. UONGOMTUPU! MNAFIKIMKUBWA! Nimechunguza msimbo wa kibodi. Nani aliugusa mara ya mwisho? Nukta, miaka miwili iliyopita. Kauharibu mwenyewe ili aje autengeneze apewe sifa. Na Mama Mradi namshuku pia. Humjibu Nukta ndani ya dakika tano, mimi hunijibu kesho yake. MZEEMBAGUZI!

Lakini nimewawahi. Tiba yangu ni rahisi, kila nafasi ihesabiwe mara mbili. Ikimezwa moja, itabaki nyingine. Maneno ya kawaida sasa yamekaa mbalimbali kidogo, lakini nani atachukua rula akapime?

Hayo ya juu niliyaandika mchana. Saa kumi jioni nimetuma rekebisho langu kwenye ukurasa wa mradi. Mama Mradi hapokei kitu bila ushahidi, kwa hiyo nimeambatisha rekodi yote ya kinasa, kurasa thelathini na moja. Sikuisoma. Orodha ya vitufe, nani ana muda nayo?

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Mama Mradi kaandika asubuhi kwamba kapokea rekebisho langu pamoja na maoni yangu. Maoni gani? Nikafungua rekodi. Imo shajara hii, herufi kwa herufi, tangu Jumanne. Mkasi umo. Mnafiki yumo. Mzee mbaguzi yumo. Nywila yangu nayo imo, mstari wa kwanza. Watu mia mbili wa mradi wameshasoma. Masikio yaliniwaka moto, nikafunga duka nikakaa ndani gizani kama nusu saa.

Nilipofungua, Nukta alikuwa kajibu. Kashukuru! Kasema rekodi imeonyesha kila kitu. Nikikasirika naandika kwa herufi kubwa, na kidole hakitoki kwenye kitufe cha herufi hizo hata ninapobonyeza nafasi. Programu haijui vitufe hivyo viwili vikibonyezwa pamoja ifanye nini, basi inaitupa nafasi. Yeye huandika taratibu, ndiyo maana hakuwahi kuliona. Kaliondoa kosa kwa mistari miwili. Rekebisho langu wamelikataa kwa heshima.

Nimejaribu ya kwake: MNAFIKI MKUBWA. Nafasi imekaa sawasawa. Nimezima kinasa.

Ijumaa, 7 Machi

Barua kutoka kwa Mama Mradi! Kasema Nukta ameomba ile nafasi ya mwangalizi nipewe mimi, maana bila rekodi yangu angetafuta mpaka mwakani. Yeye Mama Mradi hana kinyongo, kacheka sana. Nijibu ndiyo tu, kabla ya saa sita mchana.

Nililiona jina langu pale. Kisha nikatulia, nikafikiri. Mtu umemwita mnafiki mbele ya watu mia mbili, halafu anakupa kiti? Cha bure? Mke wangu kapitia dukani akitoka zamu hospitalini, kasoma barua, kasema, baba, si ujibu ndiyo uje ule. Mbona ana haraka? Shemeji naye kachungulia akatabasamu. Hapo nikaelewa. Wananiingiza ili kibodi ikiharibika tena lawama zote ziwe zangu.

Saa tano na nusu nimejibu HAPANA, kwa heshima zote.

Saa saba wametangaza mwangalizi mpya, mwanafunzi mmoja ambaye hata kibodi hakuigusa. Saa moja na nusu tu na jina limeshapatikana! Walikuwa na mtu wao tangu mwanzo. Afadhali niliwashtukia mapema.