Asidi ni Asidi

Jumatano, 5 Juni
Siri ya kumshinda Fáber Tibaduiza, mwenye mbio kutuzidi wote klabuni, nimeipata! Kocha Olinto katuambia leo kwamba kwenye mlima La Cuchilla kinachommaliza mpanda baiskeli ni asidi inayojaa mapajani. Wenzangu wakatikisa vichwa kama kondoo. Mimi nikawaza. Asidi? Mbona bibi Anatilde ana chupa mbili za dawa ya asidi kabatini, za vidonda vyake vya tumbo! Asidi ni asidi. Kwenye mchujo wa Jumapili wa kupanda mlima huo anachukuliwa mmoja tu kwenda timu ya mkoa wa Boyacá, na Fáber ameshaulizia saizi ya jezi. Kichwa kama changu kilipaswa kuwa chuo kikuu. (Niliacha shule kwa hiari yangu. Na ya mwalimu.)

Alhamisi, 6 Juni
Dawa nimeihamishia chupa yangu. Nyeupe, nzito, ladha ya chaki na mnanaa. Chupa za bibi nimezijaza maziwa na unga laini wa mahindi, na dawa ya meno kidogo kwa harufu. Usanii mtupu! Dada Yaneth, mimba ya miezi saba, kanikuta nikitikisa chupa. Akauliza tangu lini najua jiko liko upande gani. Nikasema namsaidia bibi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 8 Juni
Vijiko sita asubuhi, sita jioni. Mapaja hayawaki hata kidogo! (Baiskeli sijapanda. Nashinda chooni.)
Bibi hakugusa chakula. Kashika kifua, anasema moto unampanda kooni, dawa za siku hizi hazina nguvu. Akajiongezea vijiko viwili. Vya unga wangu. Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Nikajiambia ni kesho tu, nikishinda namletea chupa kumi. Akanibariki, akanitilia kipande cha sukari guru mfukoni.

Jumapili, 9 Juni
Naandika nikiwa zahanati.
Kabla ya kuanza nilimalizia dawa yote, na vijiko vitano vya magadi ya kuokea juu yake. Kilomita mbili za kwanza, simba! Ya tatu, tumbo likawa ngoma. Nilicheua mpaka Fáber akageuka kuuliza kama nimekuja na pikipiki. Ya nne, vidole vikajikunja, miguu ikawa uji, macho yakataka kulala. Nikaanguka kwenye shamba la viazi. Habari za kaptula tusiziandike.
Nesi Marlén kanitundikia dripu. Anasema asidi ya mapajani na ya tumboni hata hazijuani, na dawa ile ikizidi hulegeza misuli, moyo nao ukiwemo. Akauliza nimeitoa wapi. Nikajifanya nimesinzia.
Kisha akavuta pazia. Kitanda cha pili, bibi. Kidonda kimetoa damu. Alianguka kule juu, kwenye mstari wa mwisho, akinisubiri na kitambaa cha kunipungia.

Jumanne, 11 Juni
Nimekiri. Nilingoja kofi. Bibi akaniuliza tu kama ule mnanaa ulikuwa dawa ya meno. Nikasema ndiyo. Akasema alidhani kiwanda kimeboresha ladha. Halafu akageukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Analia au anacheka? Sikuthubutu kuuliza. Ningepigwa ingekuwa nafuu.
Nikamlisha supu kijiko kwa kijiko. Nimeapa mbele ya picha ya Bikira wake kwamba sigusi tena dawa ya mtu maisha yangu yote.

Jumamosi, 15 Juni
Bibi yuko nyumbani. Dawa nampimia mwenyewe, ya kweli, na kila kijiko kinanichoma mimi. Fáber kapita na jezi mpya, kaniuliza tumbo linaendeleaje. Nikampongeza. Mimi!
Lakini mchujo mwingine ni Agosti. Na nesi alipopima damu yangu alisema ina upungufu wa chuma, nile maini na dengu. Maini mpaka Agosti? Dada Yaneth ana kopo zima la vidonge vya chuma, vyekundu, na yeye anameza kimoja tu kwa siku. Uvivu huo. Kiapo changu kilikuwa cha dawa. Chuma si dawa. Chuma ni chuma.
Na dukani nimeona peremende za rangi ileile kabisa.