Jiko Lililohama Bila Kusogea

Idara ya Upatanisho wa Vipimo inayo furaha kuutangazia umma wa Mwanza kwamba migogoro yote ya mipaka ya viwanja imekwisha. Imekwisha kabisa, tena bila kumhamisha wala kumfunga mtu.

Maneno hayo, ya waraka mpya wa idara, aliyaandika Florian Rugambwa, Afisa Mwandamizi wa Ubadilishaji. Alipomaliza kuyasoma ukumbini Nyamagana alianza mwenyewe kupiga makofi, maana hakuona sababu ya kuwangoja wengine.

Kisa kilianza na agizo kutoka juu. Ramani za zamani, zilizopimwa kwa minyororo ya wapima ardhi wa enzi za Waingereza, mnyororo mmoja kama mita ishirini hivi, zibadilishwe ziwe katika vipimo vya kisasa. Mtu wa kawaida angeandika mita. Florian alikuwa na shahada mbili, na kwao Bukoba mtu wa shahada mbili haandiki mita. Mita, alimweleza mkurugenzi wake, Mashimba, ni ya kupimia vitenge. Walioendelea wanatumia mwaka wa nuru, yaani umbali ambao mwanga husafiri angani mwaka mzima.

"Ni mrefu?" Mashimba aliuliza.

"Mrefu mno, mzee."

"Basi huo huo. Tusionekane wadogo."

Fomu ilikuwa na nafasi ya tarakimu mbili tu baada ya nukta. Kiwanja cha kwanza kikatoka sifuri nukta sifuri sifuri. Cha pili vilevile. Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake, na Florian akalala usingizi wa mtu aliyeleta haki duniani.

Wiki iliyofuata akaingia Truphosa Otuoma, mama wa mtaa wa Igoma anayekaanga samaki wa sato uani kwake. Jirani yake Masele, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amesogeza uzio wake wa mabati hadi ubavuni mwa jiko lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Cheche zake zinarukia mafuta yangu, mwanangu. Juzi zimemuunguza mjukuu wangu shingoni. Siku moja tutawaka wote."

Florian alisikitika, kwa sababu alikuwa na moyo. Kisha akabonyeza kikokotoo, kwa sababu alikuwa na cheo.

"Mama, Masele amevuka mpaka kwa sifuri nukta sifuri sifuri. Kiserikali, hajavuka."

Truphosa alimtazama kama anavyotazama samaki wa juzi.

"Na mimi nikilihamisha jiko langu?"

"Ulipeleke wapi?"

"Popote, hapa hapa Mwanza."

Florian akabonyeza tena, akatabasamu. "Popote hapa Mwanza ni sifuri. Hutakuwa umesogea, mama." Akamwandikia hivyo, akagonga muhuri, akamsindikiza hadi mlangoni huku akijipongeza kwa kumjali mteja.

Kesho yake jiko la Truphosa lilikuwa kwenye maegesho ya idara. Karai la mafuta lilichemka pale pale panapolala gari la mkurugenzi, na watumishi walikuwa wameshapanga foleni, sahani mkononi.

"Mtoe yule mama!" Mashimba alifoka.

"Nimpeleke wapi, mzee?"

"Arudi Igoma!"

"Kwa mujibu wa waraka wetu, yuko Igoma."

"Futa waraka!"

"Mzee, umealikwa makao makuu kupokea cheti cha huo waraka."

Mashimba akakaa. Harufu ya sato ikapanda kupitia dirishani. Florian alitamani, kwa mara ya kwanza maishani, laiti angeishia shahada moja.

Wakashuka wote wawili. Truphosa aliendelea kugeuza samaki.

"Mama, unataka nini?" Mashimba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nipimieni kwa mita. Na uje wewe mwenyewe, baba, maana huyu wako," akamwonyesha Florian kwa mwiko, "kasoma mno."

Walichagua Jumapili, wakiamini watu watakuwa kanisani. Watu walikuwa wametoka kanisani. Igoma nzima, na nguo zake nzuri, ilijipanga kutazama. Florian alishindwa kufungua tepu ya kupimia. Masele mwenyewe ndiye aliyemsaidia. Mkurugenzi akashika ncha ya tepu ndani ya karakana ya Masele, amechuchumaa na suti yake na kitambi chake katikati ya vyuma.

"Vuta, baba!" Truphosa aliamuru. "Usilegeze!"

Mkurugenzi akavuta. Uzio ulikuwa umezidi mita tatu.

Masele akakuna kichwa. "Kwa mita, kweli nimekosa. Sikatai. Kwa ile ya mwanzo nilikuwa sawa." Akaanza kung'oa mabati saa ile ile, na watu wakashangilia. Florian alisikia kitu kigeni kifuani, akadhani ni presha. Kumbe ni kazi: leo alikuwa ameifanya.

Jumatatu maegesho yalikuwa matupu. Mashimba aliegesha gari, akapanda ngazi akipiga mluzi, akakuta ukumbi umefurika watu wenye mipaka yao, hata waliovuka na kivuko kutoka Kamanga. Florian alisimama mbele yao kwa unyenyekevu, tepu mkononi.

"Karibuni. Nani aanze?"

"Wewe hapana, mwanangu," akasema mzee mmoja wa mbele, bila hasira. "Tunamtaka yule mnene. Yule anashika vizuri."