Masikio ya Mbuzi na Goti la Baba Njambi

Gitothua, Ruiru

Kwa Mzee Githae,
Mwenyekiti, Kamati ya Kukata Nyama, Thika.

Mzee wangu, pokea salamu za heshima. Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana kusimama siku hizi ni shughuli.

Jumamosi wakwe wanakuja kwa ruracio, kuleta mahari ya binti yangu Njambi. Nesi Kalondu ameniambia gegedu la goti langu la kulia limelika, mifupa inasagana. Walipokuja mara ya kwanza niliinuliwa kitini na watu wawili kama gunia la viazi. Niliona aibu sana. Safari hii nataka kuinuka mwenyewe. Naamini gegedu hujengwa kwa kula gegedu, kwa hivyo nalalamika:

1. Masikio ya mbuzi ni gegedu tupu, lakini kwa desturi mnawapa wasichana ili wawe wasikivu. Shiko, mdogo wake Njambi, anayala tangu akiwa na miaka sita na hajawahi kunisikia hata siku moja. Magoti yake ni mazima kabisa.

2. Koromeo, lenye pete za gegedu juu hadi chini, mnamtupia mbwa wa jirani yangu Mugo. Mbwa huyo ana miaka kumi na mitatu na anaruka geti. Kamati inataka ushahidi gani tena?

3. Nesi anasema magegedu hayafanani: la sikio hukunjika likarudi, la goti huteleza, la kati ya pingili za mgongo ni gumu, hubeba mzigo. Nyinyi mnagawa bila kuuliza nani amepungukiwa na lipi! Naomba kila mzee apige magoti mbele ya kamati kwanza. Atakayeinuka bila kushika kiti apewe mutura, ule utumbo mtamu uliojazwa nyama na damu, aende zake.

4. Nikipewa masikio, koromeo, pua na kano zote za miguu, nitaachilia mutura wangu maisha yangu yote. Nalisema hilo machozi yakinilengalenga.

Nisalimie mkeo Mama Karanja, wanakamati wote, na yule anayewanolea visu.

Wako katika maumivu,
Ephantus Ngigi (Baba Njambi)

Baada ya sahihi: Mama Njambi amesoma barua hii akanichemshia sikio. Nimelitafuna tangu saa tano hadi saa nane. Magego yangu yaling'olewa yote mwaka juzi, na sikuwa nimeyafikiria. Mutura wangu usimpe mtu. Njambi anasema Jumamosi atakaa kando yangu anishike mkono, tuinuke pamoja, na wakwe watadhani ni desturi yetu.