Kujuana Kulivyovuruga Chumba cha Dobi

Ndugu Meneja Mkuu,

Salamu kutoka chini ya ngazi. Natumaini u mzima na ofisi yako ina ubaridi wa kutosha. Huku kwetu mvuke ni uleule.

Mimi ndiye mpiga pasi wa hoteli yako. Kama umewahi kulalia shuka isiyo na kunjo hata moja, tumekwisha kukutana. Nakuandikia kwa heshima kulalamikia kikao cha Jumatatu kilicholetwa na Afisa Ustawi mpya, kile cha kukaa kwenye duara kabla ya kazi, kila mmoja ajitambulishe kwa kituko chake kimoja na kwa kitu kimoja anachokipenda hadi usingizi unamruka. Afisa mwenyewe sina ugomvi naye. Ni binti mwenye adabu, anaamkia watu, na sakafu ikiwa imepigwa deki huvua viatu mlangoni. Lakini chumba chetu cha dobi kilikwenda vizuri miaka yote kwa sababu hakuna aliyemjua mwenzake. Sasa tunajuana, na matokeo yake ni haya:

1. Nililazimishwa kusema. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema mimi ni mpiga pasi. Afisa akatabasamu. "Hiyo ni kazi yako, baba," akasema. "Sisi tunakutaka wewe." Nikamweleza kwamba mimi na pasi hatujawahi kutenganishwa. Akasubiri. Wenzangu nao wakasubiri, mashine zikiwa zimezimwa, na kusubiriwa na watu waliokaa kimya ni jambo baya sana. Ndipo nikaropoka. Nikasema kwamba ninapochambua nguo za vyumbani kabla hazijafuliwa, huitazama kila foronya, na kwa mikunjo yake hujua aliyeilalia alilalaje: kama aligeukageuka, kama alilia, kama alijibana ukingoni kumpisha mtu ambaye hakuja. Foronya ya namna hiyo, ikishafuliwa, huipiga pasi mara mbili, ingawa mwenyewe ameshaondoka.

Nilitegemea wacheke, tuendelee na kazi. Hakuna aliyecheka.

2. Kwa sababu hiyo sasa naletewa foronya. Alianza msichana wa mapokezi, akisema ni mzaha tu, lakini alisimama palepale mpaka nikamjibu. Akafuata mpishi mkuu, mtu anayeogopwa na jiko zima. Alikuja na yake kwapani, akataka kujua kama mkewe bado anampenda. Nikamwambia hiyo ni foronya yako, bwana, si ya mkeo. Kesho yake akarudi na ya mkewe. Siku hizi foleni inafika hadi kwenye tangi la maji moto. Nisingependa kulitaja hili, lakini hata katibu wako aliniletea foronya ndani ya bahasha, akasema ni ya rafiki yako. Niliitazama kwa makini. Rafiki yako, Ndugu Meneja, hajalala vizuri tangu kitambo, na analala na miwani. Mwambie apumzike.

3. Mzee wa mashine, ambaye sote tunamwita Povu, alijitambulisha kwamba mashine zake zote za kufulia amezipa majina ya shangazi zake, kwa kuwa zikishiba zinatetemeka na zisiposhiba zinalalamika. Zamani alikuwa akiziita kimoyomoyo. Sasa anaziita kwa sauti, na mkunjaji wa taulo, ambaye kwao alilelewa vizuri, hawezi kupita mbele ya ile kubwa bila kusema shikamoo. Tulizoea kuipiga teke ikigoma. Leo ni nani atakayempiga teke shangazi wa mtu? Fundi umeme alipokuja kuifungua mgongo, Povu alimzuia mpaka ajieleze yeye ni nani. Kazi ilisimama hadi fundi naye alipotaja kituko chake. (Anaogopa umeme.)

4. Hapa naomba unisome taratibu. Fundi cherehani, mama anayetengeneza mashuka na mapazia yaliyochanika, amekaa nyuma yangu tangu alipoajiriwa, mgongo wake kwenye mgongo wangu. Tulikuwa tukisema habari na nzuri, basi. Nilidhani ananidharau, kwa hiyo hata kikohozi nilikimeza nisimkere. Siku ya zamu yake akasema kwamba akiwa anashona bila kuimba mshono wake unakwenda upande, na kwamba hakuna kitu anachokipenda duniani kama kuimba. Lakini hapa kazini huimba moyoni tu, kwa sababu siku yake ya kwanza aliambiwa mpiga pasi hapendi kelele. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Nilikuwa nabana hata pumzi," akasema. "Kama hata hivyo nilikusumbua, nisamehe."

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba sipendi kelele. Nimejaribu kumtafuta aliyezusha maneno hayo, na kila ninayemuuliza ananitajia mtu aliyekwisha kustaafu. Siku ile niliinuka nikaenda kuwasha pasi. Nilikuwa nawaza mapazia yote ya hoteli hii, ghorofa kwa ghorofa, yalivyoshonwa kimyakimya kwa ajili ya masikio ambayo hayakuulizwa.

Sasa anaimba. Hasara yake ni hii: siku ya ile harusi kubwa alianza wimbo mmoja wa taratibu, nami nikaiacha pasi juu ya koti la mhudumu mkuu. Alama ikabaki katikati ya mgongo, pasi nzima na ncha yake. Koti lingine halikuwepo. Mhudumu mkuu alihudumia sherehe yote akiwaelekea wageni, na kila aliporudi jikoni alirudi kinyumenyume na sinia zake. Wageni walidhani ni heshima ya aina mpya, na nasikia umeagiza wahudumu wote wajifunze. Naomba ufahamu kwamba heshima hiyo ni koti lililoungua.

5. Ugonjwa huu nimeupeleka nyumbani. Naishi na dada yangu tangu alipofiwa na mumewe. Nilimsimulia habari za duara tukiwa mezani, nikitegemea anionee huruma. Akaweka kijiko chini akaniuliza, "Na mimi, kaka, napenda nini?" Nikatafuta jibu mpaka chakula kikapoa. Tumekula meza moja tangu utotoni, na sikujua. Kumbe anapenda ramani. Anaweza kuuchora mto wowote bila kutazama, kuanzia unapotoka hadi unapomwagikia. Kumbe pia hakipendi kabisa kile kipindi cha redio ninachomfungulia kila jioni. Mimi nacho sikipendi. Nilikuwa nakivumilia kwa ajili yake. Redio sasa imezimwa, na nalazimika kuzungumza.

Kutokana na hayo, Ndugu Meneja, naleta maombi yangu. Kikao kifutwe. Litolewe tangazo rasmi ubaoni, kila mfanyakazi asahau aliyoyasikia kwa wenzake kuanzia tarehe ya tangazo. Na meza ya fundi cherehani ihamishiwe ghorofa nyingine, au yangu. Ombi hili la mwisho nimeliandika nikalifuta zaidi ya mara moja, lakini makoti ya watu yasiungue kwa sababu ya moyo wa mpiga pasi.

Wasalimie wote huko juu: katibu wako, mhasibu, walinzi wa lango la mbele, na mama watoto nyumbani. Povu anakusalimu. Shangazi zake pia, kwa kadiri wanavyoweza.

Ni mimi, ninayekunyooshea mambo kwa utiifu,

Mpiga Pasi, Chumba cha Dobi

Nyongeza: Barua hii ilibaki mfukoni mwangu nikisubiri kukupa mkononi. Leo Jumatatu Afisa Ustawi ameamka na homa, akatuma ujumbe kwamba hakuna kikao, tuendelee na kazi. Nilikuwa nimefika mapema kwa makusudi, niionje tena ile asubuhi ya zamani. Nikamkuta Povu ameshapanga viti. Mkunjaji wa taulo akaketi. Mpishi mkuu akashuka na kikombe chake cha chai, ingawa hakuitwa na mtu. Fundi cherehani akaja, akakaa, akatoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake na kunitazama.

Bila Afisa hakukuwa na wa kuanzisha, na hakuna aliyetaka kuinuka kwenda kuwasha mashine. Basi nikaanza mimi. Niliposema nimemaliza, fundi cherehani akasema, "Bado, endelea," nikaendelea. Niliyoyasema hayaihusu ofisi yako, na aliyonijibu yeye vilevile. Naomba radhi tu kwa mashuka ya ghorofa ya tatu, ambayo leo yatachelewa.