Utani Wangu Urudishwe Kwenye Tovuti ya Ashrafu

Bi. Sikujua Mshamu,
Mtunda,
Kibiti.

Kwa Mkuu wa Idara ya Kompyuta,
Chuo anachosoma mjukuu wangu,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: KUSIFIWA KWA MJUKUU WANGU BILA IDHINI YANGU

Assalaam alaykum. Umri wako siujui, kwa hiyo shikamoo naiacha hapa katikati. Kama ni yako ichukue, kama ni yangu utanirudishia kwenye majibu. Sisi hapa Mtunda hatujambo. Mvua zimekuja, mpunga umesimama, na ndege nao wameshapata habari.

Mimi ni bibi mzaa baba wa mwanafunzi wako Ashrafu Seleman, yule mrefu ambaye masikio yake huingia darasani kabla yake. Nilisoma elimu ya watu wazima nikahitimu, hivyo barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe na kila neno ni langu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ilianza hivi. Ashrafu alinipigia simu akasema chuoni wameagizwa kila mmoja ajenge tovuti yake, aweke humo kazi alizofanya, ili makampuni yaione na kumchukua kwa mafunzo ya vitendo. Bila tovuti hakuna maksi, na bila kampuni hakuna kumaliza chuo. Akasema kuna sehemu inaitwa "Wanaonifahamu Wanasema", na kwamba pale anataka maneno yangu. Nilifurahi, sitaficha. Nikavaa kanga mpya, nikaenda kwa jirani yangu Fatu mwenye simu ya kupangusa, tukarekodi sauti tukamtumia. Nilisema hivi, na Fatu ni shahidi:

"Huyu Ashrafu ni mume wangu na ni mzigo wangu. Mvivu. Nilimpandisha dunguni, kile kichanja cha juu ya shamba la mpunga, aamie ndege wasile. Akalala. Ndege wakala mpaka wakamwonea huruma, wakamfunika shuka. Akianza kula, sufuria inaomba talaka. Atakayemchukua asinirudishie."

Ndugu Mkuu, sijui kwenu ikoje, lakini huku kwetu bibi na mjukuu ni watani tangu mtoto anatolewa nje siku ya arobaini. Mjukuu wa kiume ni mume, na mume husemwa. Bibi humsifu mjukuu wake mara moja tu, siku ambayo mjukuu hawezi tena kusikia. Hata watoto wa Mtunda wanalijua hilo.

Sasa soma kilichowekwa kwenye tovuti, chini ya jina langu:

"Ashrafu ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye ari ya kujifunza. Ni fahari kubwa kwa familia yetu. Bi. S. Mshamu, Mdau wa Kilimo."

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Maneno si yangu. Neno "ari" sijawahi kulitamka tangu nizaliwe, na sikuwa na mpango wa kuanza uzeeni. Tena mimi si mdau wa kilimo, mimi ni mkulima. Mdau ni yule anayekuja na gari kutuangalia tukilima, akapiga picha, akaondoka na maboga yetu.

2. Picha. Ashrafu amevaa suti ambayo mabega yake ni ya mtu mwingine, na amekunja mikono kama aliyekaribishwa chakula akakisusa, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika maisha yake. Chini ya picha pameandikwa "Mtatuzi wa Matatizo". Kamba ya mbuzi ikijizungusha kwenye mkorosho, mtatuzi huyu huita mtu.

3. Kuna mistari ya rangi inayoonyesha ujuzi wake kwa asilimia. Lugha za kompyuta siziingilii, huko mtajuana wenyewe. Lakini mstari wa mwisho unasema "Mawasiliano: asilimia tisini na tano". Nani alipima? Mimi ndiye ninayepokea ujumbe wake wa "tafadhali nipigie", na mimi ndiye ninayepiga. Naomba hesabu hiyo irudiwe mbele yangu.

4. Msiba. Fatu alipoiona tovuti alifurahi, akaenda kuyasoma yale maneno kisimani kwa sauti. Bi Habiba akatua ndoo. Akataka yasomwe tena, na akauliza kama ni kweli kabisa Sikujua ndiye aliyesema mjukuu wake ni mwaminifu. Fatu akaapa kwamba jina liko pale. Basi wanawake wakatazamana, wakajua yaliyompata yule kijana.

Mimi nilikuwa shamba. Narudi nakuta mikeka imetandikwa uani kwangu, kuni zimeletwa, na Mzee Saadi anauliza maiti inaondoka Dar saa ngapi ili watu waanze kuchimba. Kuona hivyo nami nikaweka jembe chini nikalia. Nililia vizuri tu, maana kilio hakisubiri maelezo, hadi nilipopata nafasi ya kuuliza tunamlilia nani, nikaambiwa ni Ashrafu.

Hapo, Ndugu Mkuu, sikuwa nalia tena kwa ujirani. Fatu akampigia simu. Marehemu akapokea, mdomo umejaa chakula.

Wali ulikuwa umeshaiva na haukuweza kurudishwa kuwa mchele. Jogoo wangu alikuwa ameshachinjwa, naye ndiye marehemu pekee wa shughuli ile. Watu wakala, wakanipa pole kwa kutofiwa, wakaenda zao.

5. Hili la tano siandiki kwa mzaha. Watu walipoondoka nilimuuliza Ashrafu kwa nini alifanya vile. Akasema walimu wanataka maneno ya kitaalamu, na kwamba bosi wa kampuni hawezi kuelewa mambo ya ndege na shuka. Nikamwambia sawa, nikakata simu. Lakini niliumia. Mtu wako unamtania; mgeni ndiye unayempa kiti na maneno mazuri. Kwa kunisifisha, Ashrafu ameniweka barazani pamoja na wageni, na nikajiuliza kama huko mjini ameanza kunionea haya. Siku hiyo nzima sikuwa na hamu ya kumsema mtu yeyote, hata Mzee Saadi aliyejipakulia mara tatu.

Kwa sababu hizo, naiomba idara yako ifanye yafuatayo:

Kwanza, Ashrafu asipewe maksi hata moja ya tovuti mpaka maneno yangu yarudishwe kama nilivyoyasema, ndege wawepo, shuka iwepo na sufuria iwepo.

Pili, pasiwe na mwanafunzi wa kompyuta atakayepewa shahada kabla bibi yake hajahojiwa. Bibi asiye na simu afuatwe kwake, na mhojaji aje ameshiba, kwa sababu tumeshachinja jogoo.

Tatu, lianzishwe somo la utani katika mwaka wa kwanza, kabla hawajazoea kukunja mikono. Mwalimu wa somo hilo nipo, nikishavuna. Malazi nitalala kwa Ashrafu, na yeye atalala anakojua.

Nne, kampuni yoyote inayomtaka Ashrafu ilete mshenga hapa Mtunda. Yeye ni mume wangu, mimi ndiye mke mkubwa, na siwezi kuletewa mke mwenza ambaye hata kupiga hodi hajapiga. Aje tumwone, tumuulize kwao ni wapi, na kama anajua kupika kwa sufuria kubwa.

Yasipotekelezwa hayo, nitakuja mwenyewe mpaka ofisini kwako, nikae kwenye kiti cha wageni, nianze kukusifu wewe kwa sauti ili watu wa kwenu wasikie. Utaona mwenyewe watakavyokuja na kuni.

Nisalimie walimu wote wa idara, mlinzi wa getini, na wanaowapikia wanafunzi. Hao hasa wape pole yangu. Bi Habiba anakusalimu na anasema samahani kwa haraka yake. Fatu anakusalimu. Mzee Saadi anakusalimu na anauliza kama kuna mwanafunzi mwingine wa huku kwetu aliyesifiwa karibuni.

Ni mimi, mke wa mtu aliyesingiziwa wema,
Sikujua Mshamu
(Mkulima)

Nyongeza, isome peke yako na mlango ukiwa umefungwa: Nilikuwa natafuta bahasha, Fatu akaja mbio kunambia Ashrafu ameitwa na kampuni kwenye usaili, na kwamba waliomwita walimwambia yale maneno ya bibi yake ndiyo yaliyowagusa. Basi ndugu yangu, barua yote hii ifanye kama hukuipata, na tovuti isiguswe hata nukta. Na kwa kuwa yeye hapa hasikii, nikwambie la dunguni. Alilala mchana kwa sababu usiku kucha alikuwa anafukuza nguruwe peke yake. Mimi nilikuwa na homa, na hakutaka kuniamsha. Alikuwa bado mdogo, fimbo ilikuwa imemzidi urefu. Kwa hiyo mchapakazi ni kweli, mwaminifu ni kweli, fahari ni kweli, na hiyo ari, kama ndiyo ile niliyoiona asubuhi ile machoni mwake, nayo ni kweli. Kampuni wakikuuliza, waambie bibi yake amethibitisha. Yeye usimwambie chochote, bado ni mzima na nataka aendelee hivyo. Akishapata kazi tu, utani wangu urudishwe pale pale.