Inchi Nne Kati Yangu na Mkwe Wangu

Mwl. Phelesia Awino (Mstaafu),
Kendu Bay.
15 Mei 1998

Kwa Fundi Mogaka,
Gereji ya nyuma ya soko,
Homa Bay.

Ndugu Fundi,

MINTARAFU: KUPINGA KUINULIWA KWA GARI LA MKWE WANGU

Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, si umelala chini ya gari la mtu. Mimi ni mama mkwe wa Nyamhanga, yule Mkuria mrefu wa Migori mwenye Land Rover ya kijani. Jana njiani alinieleza kwamba Jumamosi alikuja kwako kuchagua springi za kuliinua gari hilo, nawe ukampangia mezani aina tatu: za inchi mbili, za inchi nne na za inchi sita. Nasikia ulimsukumia zile za nne kwa maneno haya: "Chukua hii ya four inches, boss. Hata El Nino irudi na ndugu zake, wewe utapita tu." Mvua hiyo iliondoka na nusu ya barabara yetu, Fundi. Si vizuri kuwaita na ndugu zake.

Yeye mwenyewe aliniambia, "Mama, hii gari iko chini sana. Mvua ya Oktoba itatufungia njia." Sikumjibu. Nakujibu wewe, na kwa heshima zote naomba gari libaki lilivyo, kwa sababu zifuatazo:

1. Goti. Kila Alhamisi ya pili ya mwezi, Nyamhanga hutoka Migori, hunichukua hapa Kendu Bay na kunipeleka kliniki ya goti huko Homa Bay. Hata kadi yangu anaitunza yeye katika droo ya gari, maana mimi husahau miwani. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo sikukisia, nilichukua rula. Kutoka ardhini hadi pa kukanyagia ni inchi kumi na tisa. Mguu wangu mbaya hupanda hadi inchi ishirini, tena siku ya jua. Ukiongeza zako nne, jibu utalipata bila kalamu.

2. Utasema nisukumwe. Na nani? Garini tuko wawili. Wewe ni Mkisii, mambo haya hata kwenu yapo, usijifanye mgeni. Mkwe hamgusi mama mkwe wake. Kwetu Wajaluo hanipi mkono, hali nami meza moja, wala halali nyumbani mwangu hata inyeshe mvua ya mawe. Kwao Wakuria ndio wamezidi: tangu amwoe binti yangu mwaka wa 1989 hajawahi kunitazama usoni, na mimi ni mtu wa sura nzuri tu. Leo springi zako zinataka mtu huyu anishike kiunoni na kunitupa ndani kama gunia la omena, soko zima likitazama. Au utakuja wewe kila Alhamisi kunisukuma? Nijibu kwa maandishi.

3. Heshima ya nguo. Sitaeleza zaidi, nawe usiulize.

4. Majirani. Nikiketi juu kiasi hicho nitaona ndani ya kila boma kutoka hapa hadi Homa Bay. Fanuel, jirani yangu, ambaye bafu lake halina paa, atalazimika kuinua ua wake. Wengine wataiga, maana huku mtu akijenga choo wote hujenga choo. Nyua zikishainuka, hakuna atakayemwona mwizi wa kuku. Kuku wakiisha, mchungaji wetu akitembelea waumini atakula nini? Hatakuja. Nakuuliza kwa upole, Fundi: uko tayari kuwa mtu aliyefunga kanisa kwa springi?

Kama huwezi kabisa kujizuia, basi uiinue na ardhi kwa inchi nne hizo hizo: langoni pangu, pale kliniki, na kila mahali tunaposimama kununua ndizi. Hiyo ndiyo hesabu yenye usawa.

5. Jambo la tano nilikuwa nalo asubuhi. Lihesabu tu.

6. Gari likiwa chini hukwama. Hukwama hasa kwenye ule mteremko wa udongo mweusi, na hapo hatuna la kufanya ila kungoja watu watoke mashambani waje kusukuma. Najua kwako hii ndiyo sababu ya kuliinua. Kwangu ndiyo sababu ya kuliacha.

Binti yangu Marion alifariki miaka miwili iliyopita. Amezikwa kwa mumewe, kama inavyotakiwa. Hapa nyumbani watu wameacha kulitaja jina lake mbele yangu, wakidhani wananihurumia, na mimi linanikaa kooni. Nyamhanga hulitaja. Mezani hatuwezi kuketi pamoja, lakini garini sote tunatazama mbele, yeye kwenye usukani, mimi siti ya nyuma, na hakuna anayemwona mwenzake akifuta macho. Dholuo yangu haijui, Kikuria chake sikijui, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, polepole, kila mtu akitafuta neno.

Barabara ikiwa kavu safari ni dakika hamsini, na nusu yake inaishia kwenye salamu na habari za mahindi. Tukikwama tunapata saa tatu nzima. Mwezi wa Aprili alinieleza jinsi Marion alivyomkuta akimparua samaki magamba kwa bisibisi, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, wasukumaji wakadhani nimerukwa na akili. Springi zako zitanifikisha mapema, Fundi. Nani alikuambia nina haraka?

Nisalimie mkeo, watoto, na vijana wote wa gereji, pamoja na yule anayepiga honi za magari ya watu bila sababu.

Ni mimi niliye chini, na ninayeomba kubaki huko,

Mwl. Phelesia Awino

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, naona nikuonyeshe njia ya hesabu yangu. Goti lilipona Februari. Zile inchi ishirini nilizitunga. Daktari aliandika kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu, kwamba nisirudi tena. Tangu hapo nikishushwa kliniki naketi kwenye benchi na wagonjwa dakika ishirini, kisha natoka nikichechemea. Nilikuwa nakuomba usimwambie Nyamhanga, ndipo nikakumbuka kadi iko wapi, na kwamba kusoma anajua. Basi amejua tangu Februari. Machi alikuja. Aprili alikuja. Jana alikuja, akaniuliza goti linaendeleaje, akalingojea na jibu.

Mwekee hizo za inchi nne, uzikaze vizuri kabla ya Oktoba. Stuli ya kupandia nitakuja nayo mwenyewe.